Kungoja, Kurudia, Kushika: Sarufi ya Ustahimilivu katika Kusadikika na Sauti ya Dhiki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ustahimilivu unavyojengwa katika kazi mbili za fasihi ya Kiswahili: Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert na Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla. Hoja kuu ni kwamba neno subira, ambalo hutumiwa kwa jumla katika uhakiki na ufundishaji, linafunika angalau namna tatu za kustahimili ambazo lugha yenyewe inazitofautisha: kungoja tuzo, kurudia jitihada, na kushika jambo bila kuliachilia. Kwa ushahidi wa methali, mnyambuliko wa vitenzi na umbo la timilifu ya kale lililohifadhiwa katika Kimvita, makala yanaonyesha kwamba Kusadikika ni kazi ya kurudia na Sauti ya Dhiki ni diwani ya kushika. Kuzisoma zote mbili kama mawaidha ya subira ni kuzinyang'anya hoja zao.

1.0 Utangulizi

Ni nadra kukuta mjadala wa maudhui ya kazi ya Kiswahili inayohusu dhiki usiofikia neno subira. Mhusika akifungwa, akifukuzwa, akifiwa au akidhulumiwa, kisha asikate tamaa, husemwa kuwa ana subira. Na mwisho ukiwa mwema, husemwa kuwa subira yake imelipwa. Maelezo haya yana faida ya wepesi. Yanaiunganisha kazi moja na nyingine, na yanampa mwanafunzi jibu la kuandika katika mtihani. Hasara yake ni kwamba yanazifananisha kazi zinazopingana. Ayubu wa tenzi, Karama wa Shaaban Robert na mfungwa wa Abdilatif Abdalla wanawekwa katika safu moja, ilhali kila mmoja anakabiliana na pigo la aina yake, lenye chanzo chake, na kulijibu kwa njia yake.

Suala hili lina uzito kwa sababu neno subira halitamkwi na wenye dhiki peke yao. Hutamkwa pia na wanaoisababisha. Mtawala anayewaambia raia wasubiri na mfungwa anayekataa kuiacha kauli yake wanaweza wote kulitumia neno lilelile, na mhakiki asiyetofautisha matumizi hayo mawili anaweza kumpa mtawala hoja ambayo mwandishi alikusudia kumnyima. Kwa hiyo swali linaloongoza makala haya ni hili: kazi inapomwonyesha mtu anayestahimili, je, anafanya nini hasa? Anangoja, anarudia au anashika?

Swali hilo linajibiwa hapa kwa kuanzia katika lugha. Hili halina maana kwamba sarufi huamua maudhui. Lina maana kwamba waandishi wawili wanaojadiliwa walikuwa mafundi wa lugha, na uteuzi wao wa maumbo ni sehemu ya hoja zao.

2.0 Namna tatu za kustahimili katika lugha

Msamiati wa ustahimilivu katika Kiswahili umetoka katika chemchemi mbili. Subira, -stahimili na -dumu ni maneno yenye asili ya Kiarabu. -Vumilia, -shikilia, -ng'ang'ania na -endelea ni ya Kibantu. Tofauti ya asili haitoshi kuwa tofauti ya maana, kwani maneno hayo yamekaa pamoja kwa karne nyingi na kuazimana vivuli. Hata hivyo, methali na mnyambuliko vinaonyesha makundi ya maana ambayo ni vigumu kuyapuuza.

Kundi la kwanza linawakilishwa na methali Subira huvuta heri na Mvumilivu hula mbivu. Muundo wake ni wa sababu na tokeo. Kiambishi hu- kinaifanya kauli kuwa kanuni ya daima: anayengoja hupata. Kati ya kungoja na kupata hakuna kitendo kinachotajwa. Tunda linaiva lenyewe. Kazi ya mvumilivu ni kutolichuma kabla ya wakati. Methali hizi zinasifu kujizuia, na kujizuia ni fadhila ya kweli. Lakini pia zinachukulia kwamba kuna mti, kwamba unazaa, na kwamba hakuna atakayelichuma tunda hilo kwanza.

Kundi la pili linawakilishwa na Papo kwa papo kamba hukata jiwe, Bandu bandu huisha gogo na Haba na haba hujaza kibaba. Hapa pia pana hu-, lakini kitenzi kinatanguliwa na urudufu: papo kwa papo, bandu bandu, haba na haba. Urudufu huo ndio unaobeba kitendo. Kamba haingoji jiwe lipasuke. Inapita palepale kila siku, na kila mpito ukitazamwa peke yake ni kushindwa, kwa kuwa jiwe linabaki zima. Mtazamo wa muda mrefu katika methali hizi ni hesabu ya vipito visivyoonekana kuwa na tija. Vitenzi kadhaa vinabeba wazo lililo karibu na hilo katika mnyambuliko. Kutoka -shika hupatikana -shikilia, na kutoka -enda hupatikana -endelea, ambapo kauli ya kutendea inaporudiwa huongeza maana ya kukazana na kuendeleza. Kiswahili humwita anayesonga mbele kuwa anaendelea, yaani anaenda kwa namna isiyokoma.

Kundi la tatu ni gumu kulionyesha kwa methali, kwa sababu halina tokeo la kuahidi. Ni la vitenzi vya hali: kusimama, kukaa, kushika. Mtu akisema amesimama, hasimulii tendo lililopita la kuinuka. Anaeleza hali aliyomo sasa. Vivyo hivyo nimeshika maana yake ni kwamba kitu kimo mkononi hadi wakati wa kusema. Wanaisimu wa Kibantu wanakihusisha kiambishi -me- na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, lakini kwa vitenzi vya aina hii kilichomalizika ni kuingia katika hali tu. Hali yenyewe inaendelea. Ustahimilivu wa namna hii hauna mbivu wala kibaba. Una jambo lililoshikwa na mtu aliyelishika.

3.0 Subira yenye tuzo: Ayubu

Mfano ulio wazi zaidi wa namna ya kwanza ni Utenzi wa Ayubu, mmojawapo wa tenzi zilizohaririwa na J.W.T. Allen katika kitabu chake Tendi (1971). Kisa chake kinajulikana: mja mwema ananyang'anywa mali, watoto na afya, anabaki katika imani yake, na hatimaye anarejeshewa. Katika utenzi huo mapigo yana chanzo kimoja na maana moja. Ni mtihani, na anayetahini ni Mwenyezi Mungu, ambaye haki yake haina shaka. Kwa hiyo kungoja kuna mantiki kamili. Anayengojwa ni mwadilifu na ahadi yake ni ya hakika. Anachotakiwa mja ni kutovunjika moyo kabla ya wakati kutimia.

Jambo moja ndani ya kisa hicho halijapewa uzito unaostahili. Katika mapokeo ya Kiislamu ambayo utenzi unayafuata, Ayubu aliyeugua hawezi kujilisha. Anayemlisha na kumuuguza ni mkewe, anayetafuta riziki ili mume apate nafasi ya kusubiri. Subira ya mmoja inategemea kazi ya mwingine, na kazi hiyo ina sura ya kurudia: leo chakula, kesho chakula, bila dalili ya nafuu. Jina la subira linabaki kwa Ayubu. Hata katika kielelezo kikuu cha kungoja, basi, yupo mtu pembeni asiyengoja.

Tatizo linaanza pale mantiki ya Ayubu inapohamishwa kutoka kwa Mungu hadi kwa mtawala wa duniani. Mtawala hana uadilifu wa hakika, na pigo lake si mtihani. Mwenye kungoja mbele yake anaweza kungoja milele. Kazi mbili zinazofuata ni majibu mawili kwa tatizo hilo.

4.0 Kusadikika: kushindwa kama ushahidi

Kusadikika ni nchi iliyo angani, na mahakama yake ndiyo uwanja wa hadithi. Mshtakiwa ni Karama. Mshtaki ni Waziri Majivuno. Kosa ni kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Karama anapopewa nafasi ya kujitetea, hasimulii habari zake mwenyewe. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alipita katika taabu kubwa, akarudi na mapendekezo ya kuineemesha nchi, na badala ya shukrani akatiwa gerezani.

Muundo huu umewahi kuonekana kuwa udhaifu. Visa sita vinafanana mno: safari, taabu, marejeo, kifungo. Msomaji wa leo anaweza kuchoka kufikia mjumbe wa nne. Lakini kuchoka huko kunafaa kuulizwa maana yake. Mjumbe wa pili anaondoka ilhali wa kwanza amefungwa. Wa sita anaondoka ilhali watano wamefungwa. Taswira inayotokea ni ileile ya kamba na jiwe: kila mpito umeshindwa, na hakuna hata mmoja ambao peke yake umeacha alama inayoonekana. Marudio ya usimulizi ni umbo la kustahimili lenyewe, na msomaji anatakiwa auhisi uzito wake.

Anachofanya Karama ni kuvigeuza vipito hivyo kuwa mfereji katika jiwe. Kwa kuvipanga visa sita mbele ya mahakama, siku baada ya siku, anakionyesha kile ambacho kisa kimoja kisingeweza kukionyesha. Mjumbe mmoja akifungwa, inaweza kusemwa kuwa alikosa. Wakifungwa sita, waliotoka pande zote na kuleta mambo tofauti, kosa linahama kutoka kwa wajumbe hadi kwa nchi. Kushindwa kunakuwa ushahidi. Hii ni fikra ya kisheria, na ndiyo maana kosa la Karama ni kutaka kufundisha sheria. Anayeijua sheria anajua kwamba kesi iliyopotea haipotei mradi imeandikwa, kwani inaweza kutajwa katika kesi inayofuata. Majivuno analijua hilo pia, na hofu yake juu ya mafunzo hayo ni hofu ya kumbukumbu.

Kwa hiyo si sahihi kumwelezea Karama kama mfano wa subira katika maana ya kungoja. Hangoji heri ivutwe. Anafanya kazi ya kukusanya, na malighafi ya kazi hiyo ni mapigo yaliyowapata wengine. Mtazamo wake wa muda mrefu unarudi nyuma kabla ya kwenda mbele: anaifikia kesho kwa kuwahesabu walioanguka jana. Maisha ya kazi za Shaaban Robert yanakaribia fikra hiyo. Alifariki mwaka 1962, na Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kifo chake. Mwandishi aliyeacha miswada ambayo hangeiona katika chapa alikuwa na sababu ya kuwaza juu ya kazi isiyolipwa katika zamu ya mtendaji wake.

Hata hivyo, kuna mambo mawili yanayopunguza nguvu ya hoja hiyo ndani ya kitabu. La kwanza ni majina. Karama, Buruhani, Fadhili, Auni, Ridhaa, Amini: upande mmoja una fadhila zote, na upande wa pili una Majivuno. Jina likishatoa hukumu, msomaji anajua mshindi kabla ya kesi kusikilizwa, na pigo linalojulikana kuwa la muda haliumi sana. La pili ni hitimisho. Karama anaachiliwa na wajumbe waliofungwa wanakumbukwa kwa amri ya mfalme. Jiwe halikukatwa na kamba. Mwenye jiwe ndiye aliyeliondoa. Kwa kurasa za mwisho, kazi ya kurudia inarudi katika mantiki ya Ayubu, ambamo heri inatoka juu.

Hitimisho hilo linaweza kutetewa kwa kusema kwamba chini ya ukoloni mwandishi hakuwa na uwanja mpana wa kuwaza mwisho mwingine. Utetezi huo una ukweli. Lakini unaacha pengo ambalo ni la kifasihi zaidi kuliko la kihistoria: wajumbe sita hawasemi. Msomaji anajua walikokwenda na walichokileta. Hajui walivyokaa gerezani. Waliwaza nini baada ya mwaka wa kwanza? Waliyakana mapendekezo yao au waliyashika? Karama anasimulia safari zao kwa ufasaha, na ufasaha wake unachukua nafasi ya sauti zao. Ustahimilivu wa Kusadikika unaonekana kutoka kizimbani. Kutoka ndani ya chumba cha gereza haujasemwa.

5.0 Sauti ya Dhiki: sarufi ya kushika

Miaka 22 baadaye sauti hiyo ilichapishwa. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kutoka mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijitabu Kenya: Twendapi?, kilichoikosoa serikali ya wakati huo katika kipindi ambacho chama cha upinzani cha KPU kilikuwa kikibanwa. Akiwa kifungoni alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo ndiyo Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka 1973 ikiwa na utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Ni rahisi kuisimulia historia hiyo kwa mtindo wa Subira huvuta heri: alifungwa, akavumilia, akatuzwa. Usimulizi huo unaupotosha ushahidi wa mashairi. Wakati wa kutunga hapakuwa na kitabu, wala mchapishaji, wala tuzo. Palikuwa na karatasi ambayo askari wa gereza angeweza kuichukua na kuiharibu wakati wowote. Na hata baada ya tuzo, mtunzi alikwishahamia Dar es Salaam, na kwa miongo mingi aliishi nje ya nchi yake. Kinachohitaji kuelezwa ni namna mtu anavyostahimili pasipo ahadi, na maelezo hayo yamo katika lugha ya mashairi.

Mashairi mawili ya diwani yanabeba jambo hili katika anwani zao: "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo". Kitenzi -wata ni -acha ya Kiswahili sanifu. Umbo siwati ni kikanushi cha wakati uliopo kisichofungwa na saa fulani. Mshairi angeweza kutumia sitawata, nayo ingekuwa ahadi. Na ahadi huweza kuvunjwa, tena humfanya msikilizaji angoje aone. Angeweza kutumia sijawata, nayo ingekuwa taarifa ya hadi sasa, yenye mlango uliobaki wazi. Siwati haiahidi wala haitoi taarifa. Inaeleza tabia ya msemaji, kama vile mtu anavyosema hali nyama au hanywi pombe. Wakati ujao unapojitokeza katika ubeti wa kwanza, unakuja baada ya umbo hilo kukaririwa, kama tokeo la hali iliyokwisha kuwapo.

N'shishiyelo lina uzito mkubwa zaidi kisarufi. Ndani yake mna kiambishi cha nafsi ya kwanza, kitenzi -shika katika timilifu ya kale ambayo hugeuza k kuwa sh na kuleta umbo -shishiye, na kirejeshi -lo cha ngeli ya LI-YA. Kiswahili sanifu kimeipoteza timilifu hiyo, na kiambishi -me- kilichoishika nafasi yake hakikubali kirejeshi ndani ya kitenzi. Anayetaka kulifasiri neno hilo ana njia mbili. Akisema nililolishika, amelipeleka tendo katika wakati uliopita, na msikilizaji anaweza kuuliza kama bado limeshikwa. Akisema ambalo nimelishika, ameihifadhi hali kwa gharama ya kuitenga nafsi, tendo na jambo lenyewe katika maneno mawili. Katika Kimvita vyote vitatu vimo katika neno moja: aliyeshika, kushika, na kilichoshikwa. Hakuna nafasi katikati ambapo mtesaji angeweza kupenyeza mkono.

Hapa ndipo uteuzi wa lahaja unapopata maana inayozidi uaminifu kwa mji wa Mombasa au heshima kwa watunzi wa kale. Lahaja ilikuwa na umbo ambalo Kiswahili sanifu hakikuwa nalo, na umbo hilo ndilo lililobeba hoja. Diwani ingetungwa kwa Kiswahili sanifu ingeweza kusema mengi kuhusu uthabiti, lakini isingeweza kulisema hili kwa ufupi huu.

Umbo la ushairi linaunga mkono usomaji huo. Katika "Siwati", mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti huanza kwa kitenzi hichohicho, ilhali mshororo wa nne huachiliwa. Vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, kwa hiyo sikio halipati kina kimoja cha kuegemea katika shairi zima. Kinachobaki ni siwati. Katika mashairi mengi ya kimapokeo, kina cha mwisho au kibwagizo ndicho kinachoshika beti pamoja. Hapa kazi hiyo imehamishwa hadi mwanzoni mwa mshororo na kukabidhiwa kitenzi. Mshororo wa nne, usio na kitenzi hicho mwanzoni, ndio unaotaja mipaka: kaburi, muhali, na msaada wa Mungu. Mshairi anaonyesha anapoishia uwezo wake bila kuugeuza mpaka huo kuwa tuzo. Kaburi halikutajwa kama mahali pa kupumzika baada ya subira. Limetajwa kama mahali ambapo mtu na jambo lake watakwenda pamoja.

Inaweza kujibiwa kwamba diwani ina matumaini pia. "Mamba" inamchora mwenye nguvu anayejidhania wa milele, na kumkumbusha kwamba siku yake itafika. Ni kweli, na hakuna haja ya kulikana hilo. La kuzingatia ni kwamba diwani imeyatenga mambo hayo mawili. Mwisho wa mamba umetungiwa shairi lake. Kushika kumetungiwa mashairi yake. Na hakuna shairi kati ya haya ya pili linalosema nitashika kwa sababu mamba atakufa. Matumaini yapo bila kuwa sharti. Tofauti hii ni ya msingi, kwani anayeshika kwa sharti la ushindi huachilia ushindi unapochelewa.

6.0 Ustahimilivu na ukaidi

Usomaji huu unazua pingamizi zito. Ikiwa kushika hakutegemei tokeo, kunatofautianaje na ukaidi? Mtawala naye hushika. Majivuno ana uthabiti wa kutosha, na historia ina watu wengi walioshikilia makosa hadi kaburini.

Shairi lenyewe limelitambua swali hilo. Katika "Siwati" msemaji anakana kwamba yumo katika mashindano, na anaeleza kwamba anachokishika ni imani ambayo sababu yake ameiona. Kauli hiyo inatoa vipimo viwili. Cha kwanza ni kwamba kushika kunafuata kuona: sababu imetangulia, na inaweza kuelezwa kwa mwingine. Cha pili ni kwamba kushika hakulengi kumshinda mtu. Mkaidi anahitaji mpinzani. Akiondoka mpinzani, ukaidi hukosa kazi. Anayeshika jambo kwa sababu yake angelishika hata kama hakuna anayemtazama, na mfungwa aliyetengwa na wenzake ndiye mwenye ushahidi bora wa hilo.

Diwani inatoa ushahidi wa ziada nje ya mashairi haya mawili. Ken Walibora (2009) amesisitiza wingi wa sauti katika Sauti ya Dhiki, na mfano ulio wazi ni "Mnazi: Vuta N'kuvute", majibizano ya ndugu wawili, Badi na Alii, wanaogombea mnazi. Kila mmoja anapewa beti zake na hoja zake. Wingi huo wa sauti unaweza kuonekana kupingana na uthabiti wa "Siwati". Kwa hakika unaukamilisha. Mtunzi anayeweza kumpa mpinzani wake nafasi ya kusema ndani ya shairi lake hashiki kwa uziwi. Amesikia, amepima, kisha ameshika. Kusadikika ilifanya jambo la karibu na hilo kwa njia ya mahakama, ambapo upande wa mashtaka nao husikika. Kazi zote mbili zinakubaliana kwamba ustahimilivu usiopita katika hoja haufai kusifiwa.

7.0 Hitimisho

Namna tatu zilizojadiliwa hazifuatani kama ngazi, na hakuna iliyoifuta nyingine. Kungoja kuna mahali pake, pale anayengojwa anapostahili kuaminiwa. Kurudia kunafaa pale ambapo jiwe linaweza kukatika na pana watu wa kupokezana kamba. Kushika ndiko kunakobaki pale ambapo hakuna ahadi wala zamu inayofuata inayoonekana. Utenzi wa Ayubu, Kusadikika na Sauti ya Dhiki zinazungumzia hali tatu tofauti, na kuziita zote kazi za subira ni kumwacha msomaji bila zana ya kutambua yumo katika hali ipi.

Kwa ufundishaji, tokeo lake ni la moja kwa moja. Badala ya kumuuliza mwanafunzi kama mhusika ana subira, afaa aulizwe mhusika anafanya kitendo gani akiwa katika dhiki, kwa kitenzi kipi na katika wakati gani. Nani amelisababisha pigo. Na nani anafanya kazi wakati mwingine akingoja. Maswali hayo yangemrudisha mke wa Ayubu katika kisa chake, yangewafanya wajumbe sita wa Kusadikika waulizwe habari za kifungo chao, na yangeliokoa neno n'shishiyelo lisifasiriwe kwa pupa kuwa uvumilivu. Mtunzi aliyelitumia neno hilo kifungoni hakuwa akiomba apewe muda. Alikuwa akisema kilichokuwa mkononi mwake.